Pikipiki imekufa, jokofu lina soda: nani amlipe mhudumu wa mifugo wa kijiji?

Swali: Shikamoo Daktari. Mimi ni katibu wa kikundi cha wafugaji katika kijiji kimoja wilayani Muheza. Tuko kaya 64. Wengi tuna ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa, wachache wana ng'ombe wa asili, mbuzi ni kama 400, na kuku hatujawahi kuwahesabu, labda elfu mbili. Miaka sita iliyopita mradi mmoja ulitusomeshea wahudumu wawili wa mifugo, dada mmoja na kijana mmoja. Ukatupa pikipiki, jokofu la sola la kuwekea chanjo, na shilingi 1,200,000 za kuanzishia mfuko wa dawa. Mradi ulipofunga ofisi mambo yalikwenda kwa mwaka na nusu hivi. Sasa pikipiki imekufa, jokofu lina soda za mwenyekiti, na mfukoni zimebaki 85,000 na daftari la madeni. Kijana anaendesha bodaboda Muheza mjini. Dada bado anachanja kuku akipata nauli. Mwezi uliopita ndigana imetuulia mitamba mitatu. Wapo wanaosema tuandike andiko tuombe mradi mwingine. Tufanyeje ili huduma isife tena?

Jibu: Marahaba, katibu. Poleni na mitamba. Mtamba wa chotara aliyefikia kupandwa ana ada ya shule ya mtoto ndani yake, na nyie mmepoteza watatu kwa mwezi mmoja. Nitairudia hiyo ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe, huko mbele, maana inalihusu swali lako kuliko unavyodhani.

Jokofu msilionee aibu. Jokofu lenye soda ni jokofu zima. Nimeshafika kijiji ambako lilikuwa kabati la nguo, na kingine ambako kuku alikuwa anaatamia humo ndani, kwenye rafu ileile ya chanjo ya kuku. Na mimi mwenyewe nimo kwenye lawama hizi. Miaka ya tisini nilifanya kazi kwenye mradi uliogawa baiskeli kwa wahudumu wa mifugo wa vijiji, na ripoti ya mwisho niliiandika kwa mkono wangu: huduma sasa ni endelevu. Neno hilo kwenye miradi ni kama sala ya kufunga kikao, husemwa watu wakiwa wameshashika kofia zao. Miaka miwili baadaye nilipita njia ileile. Baiskeli nilizoziona zilikuwa zinabeba mkaa. Sikuwakasirikia wenyewe. Mkaa ulikuwa unawalipa kila siku, na sisi wataalamu hatukuwahi kukaa nao chini tukapiga hesabu ya mwezi mmoja wa mhudumu wa mifugo.

Basi tuipige leo. Namba hizi ni za mfano, wewe weka za kwenu.

Pikipiki ikizunguka kilomita 40 kwa siku, siku 22 za mwezi, hizo ni kilomita 880. Kwa njia za milima na vumbi kama za kwenu, lita moja ya petroli itakufikisha kilomita 40 na kidogo, kwa hiyo weka shilingi 65,000 za mafuta. Oili, cheni, breki, tairi na kuziba pancha, weka 25,000. Vocha ya simu 10,000. Laki moja imeondoka na mtu hajanywa chai. Upande wa mapato, kaya 64 zenye ng'ombe mmoja mmoja hazitoi wagonjwa wengi. Tuseme aliitwa mara 12 kwa mwezi na ada ya mkono wake ni 5,000. Hiyo ni 60,000, na robo ya watu watamwambia nitakupa Ijumaa. Kwa hesabu hii kijana wenu hakukimbia kazi. Alikuwa anawakopesha nyie kila mwezi, akachoka. Ule mwaka na nusu uliousema si bahati mbaya, ndio umri wa tairi na cheni zilizokuja na pikipiki. Zilipoisha, kila mtu akaona gharama ambayo ilikuwepo tangu siku ya kwanza.

Kuna ubaya mwingine wa kumtegemea mgonjwa ndio alipe. Nitakupa tukio moja ambalo limejirudia kwangu hadi nimelizoea. Simu inaita saa tatu usiku: ng'ombe hali tangu juzi. Nafika namkuta amelala, puani povu jeupe, anavuta pumzi kama aliyepanda mlima na mzigo. Tezi za chini ya sikio na zile za mbele ya bega zimevimba kama yai. Kipimajoto kinasoma 41. Juu ya boriti ya banda kuna chupa ya OTC, yaani antibayotiki ya oksitetrasaiklini, na bomba la sindano. Mwenye ng'ombe, mama mjane, ananiambia amemchoma mwenyewe siku tatu mfululizo, dawa alipewa dukani. OTC imetuponyea mifugo mingi, lakini ndigana kali ikishashika haiisikii. Inataka buparvakwoni, tena mapema, na chupa yake si ya bei ya mchezo. Povu likishatoka puani, maji yameshajaa mapafuni. Namchoma hivyo hivyo kwa sababu mama ananitazama. Alfajiri ng'ombe amekufa. Sasa nenda kamdai yule mama pesa ya chupa, ya safari na ya mkono. Ukimdai huna utu, usipomdai umefunga duka. Fani hii ina kanuni isiyoandikwa popote: ng'ombe akifa, ada haidaiki. Na mahali ambapo daktari huitwa mwishoni, wengi hufa.

Wazee wenu wanaweza kukwambia kwamba zamani hesabu hii haikuwa ya kijiji. Hadi miaka ya themanini serikali ndiyo iliyobeba majosho, chanjo na sehemu kubwa ya tiba, na bwana mifugo alikuja kwa gari au pikipiki ya serikali. Uchumi ulipoyumba, mikopo ikaja na masharti, ikaamuliwa kwamba tiba ya mifugo ni biashara ya mtu na mtu, serikali ibaki na magonjwa ya mlipuko na usimamizi. Kenya na Uganda zilipita njia hiyohiyo. Madaktari binafsi walikuja kweli, ila walikwenda mahali ambapo mifugo na pesa vinakaa karibu karibu: kuku wa biashara wa Dar es Salaam na Pwani, mbwa wa mijini, ng'ombe wa maziwa wa Kilimanjaro, Arusha na kule Kiambu nchini Kenya. Kijiji chenye ng'ombe mmoja kila baada ya nusu kilomita ya migomba hakikuwavuta. Aliyekuja kwenu ni muuza duka la dawa. Simlaumu, anauza anachoulizwa. Ila duka halipandi mlima kumpima ng'ombe homa.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako ni hili, na mengine yote ninayoandika ni ufafanuzi wake: mlipeni mhudumu kwa siku ambazo mifugo ni mizima. Huduma inayokula kwa mgonjwa hufa kwa njaa ikifaulu, maana mifugo ikipona vizuri hakuna wa kumlipa. Chanjo, dawa ya minyoo, kukagua kiwele, kukata kwato, kuhasi, kuangalia kupe masikioni, hizo ni kazi zenye tarehe. Kazi yenye tarehe inapangwa, na inayopangwa inalipika.

Anzeni na kuku, ingawa wanaume wa kikundi watacheka. Chanjo ya kideri aina ya I-2, ile inayotengenezwa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari, ni tone moja jichoni. Inavumilia joto kuliko chanjo za zamani, hivyo inabebeka kwenye kikapu chenye kitambaa kibichi, ila msiianike juani. Kinga yake ni ya miezi mitatu hadi minne, basi lazima irudiwe, na huko kurudiwa ndiko kunakompa mhudumu kipato. Kuku 2,000 kwa shilingi 100 ni 200,000 kwa awamu. Ondoa chanjo yenyewe, nauli ya kuifuata, na matone yanayopotea kuku akitikisa kichwa, tuseme 80,000. Zinabaki 120,000, na ukizigawa kwa miezi mitatu ni 40,000 kwa mwezi. Ni pesa ndogo lakini haina deni. Mama mwenye kuku kumi hashindwi shilingi elfu moja, naye ndiye aliyeokota mizoga msimu uliopita, hahitaji semina ya kumshawishi. Dada wenu ameendelea na kuku bila mradi na bila pikipiki. Mmemwona, lakini sidhani kama mmemwelewa. Yeye peke yake katika kijiji chenu ndiye mwenye huduma inayojilipa, anachokosa ni nauli.

Mbuzi fanyeni vivyo hivyo: dawa ya minyoo kwa tarehe, kila baada ya miezi mitatu, dawa mwenye mbuzi anunue, mkono shilingi 200. Mbuzi 400 watampa 80,000 kwa awamu, kama 26,000 kwa mwezi.

Kwenye ng'ombe ndiko mlikobahatika kuliko wafugaji wengi wa nchi hii, kwa sababu mna maziwa yanayopita dirisha moja. Mkoa wa Tanga una historia ya jambo hili. Vyama vya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa viliungana mwaka 1993 kuunda chama kikuu cha ushirika kiitwacho TDCU, na maziwa yanakusanywa vituoni. Maadamu nyote mnapeleka kituoni, pesa yenu hukaa mahali pamoja kabla haijafika mikononi, na hapo ndipo pa kuikatia huduma. Kule Githunguri, Kiambu, ushirika wa wafugaji wa maziwa ulioanzishwa 1961 umefanya hivyo kwa miaka mingi. Mwanachama anapandishiwa ng'ombe kwa mrija wa mbegu, anatibiwa mfugo, anachukua chakula cha ng'ombe, halafu mwisho wa mwezi inakatwa kwenye maziwa yake. Hakuna mtaalamu anayegonga mlango kudai. Mkulima wa Githunguri si mwema kuliko wa Muheza. Amekatwa kabla hajaishika pesa, basi. Mimi nikilipwa mkononi nina matumizi mengine tisa yanayoningoja, sembuse mtu mwenye watoto wa shule.

Kateni shilingi 3,000 kwa kaya kwa mwezi. Kama kituo chenu kinalipa karibu 1,000 kwa lita, hizo ni lita tatu katika mwezi mzima. Kuna watakaotaka makato yawe kwa kila lita, wakisema mwenye ng'ombe wawili alipe zaidi. Hoja yao ni ya haki lakini mimi siipendi, kwa sababu wakati wa kiangazi maziwa yanashuka, makato yanashuka nayo, na ng'ombe aliyekaushwa anahitaji kuangaliwa kuliko anayekamuliwa. Mkishindana sana, pigeni kura, msivunje kikundi kwa ajili ya hilo. Ila msikubali kabisa viongozi wasamehewe makato.

Kwa hiyo 3,000 kaya inapata nini? Inatembelewa mara moja kwa mwezi, hata kama hakuna mgonjwa. Mhudumu anagusa tezi, anapima homa akiona shaka, anakagua kupe ndani ya sikio na chini ya mkia, anapima kiwele kabla maziwa hayajakataliwa kituoni, anaandika tarehe ya joto la kutaka dume na ya kupandwa. Mgonjwa akipatikana, tiba ni gharama nyingine, na dawa ni nyingine. Hapo ndipo yule ng'ombe wa povu angeweza kuonekana mapema, tezi ikiwa bado kama punje ya harage, dawa ikiwa bado inafaa na mwenye ng'ombe akiwa bado na moyo wa kulipa.

Siku za kutembelea zipangwe kwa kitongoji. Mkiwa na vitongoji vinne, kila kimoja kipate siku mbili za mwezi, zinajulikana kama siku ya gulio. Jumla ni siku nane za mzunguko badala ya 22 za kukimbizana huku na huko. Tupige hesabu upya. Makato: tusijidanganye kwamba wote 64 watakuwa na maziwa kila mwezi, tuhesabu kaya 50, ni 150,000. Kuku 40,000. Mbuzi 26,000. Tiba weka 40,000, maana wagonjwa watapungua. Jumla 256,000. Kodi ya bodaboda nusu siku, 10,000 mara nane, 80,000. Sabuni, glavu, barafu na vocha 16,000. Anabaki na 160,000.

Huo si mshahara wa serikali. Ni kipato cha mtu mwenye shamba lake na ng'ombe wake, anayefanya kazi hii siku kumi au kumi na mbili za mwezi, na hakitegemei ng'ombe wa mtu kuugua. Ila ukiitazama vizuri utaona jambo ambalo mradi haukuwaambia: kijiji chenu kina uwezo wa kumlipa mhudumu mmoja. Wawili hamuwawezi. Mlipopewa wawili, mlipewa nusu ya njaa kila mmoja.

Mfuko wa dawa sasa. Shilingi 1,200,000 kuwa 85,000 na daftari, hiyo nimeiona mara nyingi kiasi kwamba naweza kukisia majina ya ukurasa wa kwanza bila kufungua, na sidhani kama ni ya wajane. Msianze upya kwa kudai madeni ya zamani, mtagombana mwaka mzima. Yasomeni mbele ya mkutano mara moja, atakayelipa alipe, kisha mfunge daftari. Kuanzia hapo dawa inatoka kwa njia mbili tu, taslimu au makato ya maziwa yaliyosainiwa kituoni, na mhudumu asiwe na mamlaka ya kukopesha hata akipenda. Akishakuwa na mamlaka hayo, shemeji yake atakuja, na mwenyekiti atakuja. Mfuko ubaki mdogo: dawa ya minyoo, dawa ya kupe, dawa ya jeraha, chupa moja ya buparvakwoni isiyokaribia kuisha muda. Antibayotiki zisikae kwenye sanduku la kila mtu. Ng'ombe akichomwa, maziwa yake yasiende kituoni hadi siku zilizoandikwa kwenye chupa zipite, na mhudumu aandike tarehe hiyo bandani, si kwenye daftari lake pekee. Kituo kitalipenda jambo hili, na mkilieleza vizuri mnaweza kuwaomba wachangie kidogo kwenye huduma, kwa sababu maziwa yenye dawa ni hasara yao pia.

Jokofu lihamisheni hukohuko kituoni, liwe na kufuli na kipimajoto, liwe kati ya nyuzi 2 na 8, na lisifunguliwe kila mtu akiwa na kiu.

Tuje kwenye ndigana, nilikoahidi. Chanjo yake ipo, chimbuko lake ni kazi iliyofanyika Muguga nchini Kenya miaka ya sabini. Ndama anapewa vimelea hai vya ugonjwa wenyewe kwa kipimo, na papo hapo anachomwa oksitetrasaiklini ya muda mrefu ili augue kidogo tu, mwili ujifunze. Kinga hukaa miaka, mara nyingi maisha yote. Wafugaji wa kaskazini mwa Tanzania wameitumia tangu miaka ya tisini mwishoni, na ndama aliyechanjwa huvishwa hereni. Sokoni hereni hiyo humpandisha bei. Mbona basi nyie hamjaipata? Kwa sababu inakaa kwenye mtungi wa naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, na mrija mmoja wa chanjo hiyo hutosha ndama 40 hivi. Ukishayeyushwa una saa chache, hakuna kurudisha. Niliwahi kufika kijijini alfajiri na mtungi, tumeahidiwa ndama 40, tukakuta 11. Wengine wamekwenda kuchunga, wengine wanangoja waone wa jirani watakufa au la. Tulifungua mrija, tukachanja 11, dozi 29 zikamwagwa. Gharama ya siku ile haikulipika, na mtaalamu aliyeleta mtungi hakutaka tena kusikia jina la kijiji kile.

Utaona kwamba shida haikuwa sayansi wala bei. Ilikuwa ni kukusanya ndama 40 asubuhi moja. Kikundi chenu peke yenu pengine hamna ndama 40 wa umri unaofaa kwa wakati mmoja, kwa hiyo zungumzeni na vikundi viwili vya jirani mnaopeleka maziwa kituo kimoja, mlipe nusu mapema kwa makato, na mtaalamu aje akiwa na uhakika. Daktari wa mifugo wa halmashauri yenu awepo, kwa sababu ndama hao lazima wafuatiliwe wiki kadhaa. Wachache huhitaji tiba. Msiache kupambana na kupe baada ya hapo: ndigana baridi na mkojo mwekundu, magonjwa mengine ya kupe, haviheshimu chanjo ya ndigana kali.

Yapo mambo ambayo msiyaingize mfukoni mwenu kabisa. Kichaa cha mbwa ni mojawapo. Mbwa wakichanjwa kufikia asilimia 70 ugonjwa hukosa njia, lakini mbwa wa kijijini hana anayemkamulia maziwa, na anayekufa ni mtoto wa shule. Kimeta, ugonjwa wa midomo na miguu, sotoka ya mbuzi na kondoo ambayo dunia imejiwekea lengo la kuitokomeza ifikapo 2030, haya ni ya serikali, kwa sababu ng'ombe wangu asipochanjwa anamuua wa kwako. Sotoka ya ng'ombe ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, na kwenye maeneo magumu kama Afar kule Ethiopia, Karamoja ya Uganda na Sudan Kusini waliochanja hatua za mwisho walikuwa wafugaji wenyewe, wamefundishwa, wakiwa na chanjo inayovumilia joto. Gharama ya kuufuta ugonjwa ule duniani haikuachiwa wenye ng'ombe peke yao. Wenyeji walitoa mikono, umma ukatoa pesa. Mgawanyo huo ndio mnaoutaka.

Kwa hiyo msifanye mhudumu wenu kuwa kisingizio cha halmashauri kutowapa afisa mifugo wa kata. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na bajeti hupikwa miezi mingi kabla. Pelekeni barua mapema, diwani awe nayo mkononi, iseme mnahitaji chanjo ya mbwa na ya mbuzi kwa idadi mliyoihesabu. Ndiyo, lazima mhesabu. Kijiji chenye orodha hupewa kabla ya kijiji chenye malalamiko. Kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo iliyozinduliwa Simiyu mwezi Juni 2025 inachangia gharama, na dada wenu awe ndiye anayewapokea wachanjaji na kujua kila zizi liliko. Alipwe siku hiyo pia.

Jambo jingine la halmashauri ni hadhi yake. Sheria ya Veterinari ya 2003 ilianzisha Baraza la Veterinari, na anayetoa huduma anapaswa kutambuliwa na kuwa chini ya usimamizi wa mtaalamu aliyesajiliwa. Cheti cha semina ya mradi hakimkingi ng'ombe akifa mkononi mwake. Mwende naye kwa daktari wa mifugo wa halmashauri, muulize anasimama ngazi gani na anaruhusiwa kudunga nini. Akitaka kusonga mbele, vyuo vya mafunzo ya mifugo vya serikali, LITA, vinasomesha ngazi ya cheti, na kimojawapo, Buhuri, kiko hapohapo Tanga. Kama kikundi kitamchangia ada, andikianeni kwamba atarudi miaka kadhaa. Wapo wanaosomeshwa wakapotelea Dar, na siwalaumu wote.

Mradi mwingine? Ukija msiufukuze. Ila kataeni pikipiki ya bure, kwa sababu haina mwenyewe, na isiyo na mwenyewe haibadilishwi oili. Ombeni vitu vinavyolipiwa mara moja na kukaa: mafunzo ya kurudia, gharama za vikundi vitatu kukutana kupanga siku ya ndama, kipimajoto kizuri. Mshahara wa mhudumu usitoke kwao hata mwezi mmoja. Ukishatoka kwao, kaya 64 zitaona kukatwa 3,000 ni kuibiwa.

Limebaki la yule kijana. Umeandika kama vile mmempoteza, kumbe mnamhitaji kuliko mnavyojua. Hesabu yangu ina 80,000 za bodaboda kila mwezi, ina simu za usiku zinazohitaji mtu wa kumfikisha dada kwa mgonjwa, na ina mtu anayetakiwa kujua tezi iliyovimba ikoje. Mwiteni. Msimrudishe kuwa mhudumu, mwambieni tu siku nane za mwezi, asubuhi, 10,000 kila moja taslimu kutoka kwenye makato ya kituoni, bila kupanga foleni stendi, na bei ya safari ya usiku ibandikwe ukutani kituoni ili isijadiliwe na mtu mwenye ng'ombe anayekufa. Ningekuwa yeye ningekubali, ila ningeomba nilipwe wiki ya kwanza kabla sijawasha pikipiki. Akiomba hivyo, mpeni.